Shule ya Kata: Tuyasikiayo Barazani na Yaliyomo Darasani



Kila sifa njema inamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu ya Mkuyuni, nasi tumeona tulijibu hadharani kwa kuwa si lake peke yake. Binti yake amemaliza darasa la saba, amefaulu, na amepangiwa sekondari ya kata. Majirani wamemwambia kwamba pale hapana shule, pana majengo tu. Mjomba wa binti, ambaye kwa desturi ya Waluguru kauli yake ni nzito katika mambo ya ukoo, amependekeza shamba la mikarafuu liwekwe rehani ili mtoto apelekwe shule ya kulipia, ya bweni, huko mjini Morogoro. Shamba hilo ni la ukoo kwa upande wa mama, na binti huyo anao wadogo zake watatu nyuma yake. Mama anauliza: afanye nini?

Kabla ya kumjibu, tuyatazame kwanza hayo maneno ya majirani, maana ndiyo yaliyozaa wazo la rehani.

Yasemwayo

Mwenye kukaa barazani baada ya swala ya Ijumaa, au kupanda gari moja na akina mama washukao na ndizi na viungo kwenda Soko la Chifu Kingalu, atayasikia maoni ya namna nne juu ya shule za kata. Wapo wasemao kwamba hazina walimu, hasa wa hisabati na sayansi. Wapo wasemao kwamba mtoto anakaa miaka minne na hawezi kuandika barua kwa Kiingereza, wala Kiswahili chake hakikuongezeka. Wapo, na wengi wao ni wazazi wa mabinti, wasemao kwamba shule yenyewe si mbaya, ila njia ya kuiendea ndiyo mbaya. Na wapo wasemao, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba shule ni nzuri kadiri ya mzazi, na kwamba yuko mtoto wa fulani aliyetoka pale pale akafika chuo kikuu.

Maneno haya hayakuanza jana. Wazee wetu waliosoma zama za Mwingereza wanakumbuka shule za kati, za darasa la tano hadi la nane, ambazo zilikuwa chache mno, na mwenye kuingia humo alihesabiwa kuwa amekwisha kufika. Watoto walio wengi hawakuuona hata mlango wake. Shule ya kata imekuja kinyume cha hapo. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake, na wananchi wakabeba mawe, mchanga na matofali. Huku milimani, ambako gari halifiki kila mahali, vitu hivyo vilibebwa kichwani. Majengo yalisimama upesi, walimu hawakupatikana kwa upesi ule ule. Ndipo shule hizi zikapewa jina la kejeli la yeboyebo, kwa kufananishwa na kandambili za plastiki, na walimu waliopewa mafunzo ya wiki chache wakaitwa vodafasta.

Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambamo takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Lakini jeraha lilikwisha kuingia katika nyoyo za wazazi. Tangu siku hiyo, neno "kata" likitajwa mbele ya neno "shule", wengi hawaulizi tena.

Tulichoamrishwa

Sisi Waislamu hatukupewa ruhusa ya kutouliza. Katika Suratul Hujurat Allah (s.w.) ametuamrisha tuchunguze habari inayoletwa kwetu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na katika sura hiyo hiyo ametukataza kufuata dhana. Hukumu hiyo huisikia sana tunapozungumzia ndoa na heshima za watu, ila ni nadra kuikumbuka tunapomzungumzia mwalimu aliyepangiwa kazi juu ya mlima, anayeishi katika chumba cha kupanga na kufundisha masomo mawili ambayo moja hakulisomea.

Tukichunguza, tutakuta kwamba kila moja ya maoni yale manne lina ukweli wake, na kila moja lina mpaka wake.

Upungufu wa walimu wa hisabati na sayansi ni wa kweli, nao si wa shule moja. Tatizo la lugha nalo ni la kweli. Mtoto amefundishwa miaka saba kwa Kiswahili, na siku ya kwanza ya kidato cha kwanza anakutana na biolojia kwa Kiingereza. Huo si uzembe wa shule ya kata, ni utaratibu wa nchi nzima. Tofauti ni kwamba mtoto wa mjini aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza alikwisha kuuvuka mto huo tangu utotoni, na wa kwetu anaachwa auvuke peke yake.

Wapo wanaosema kwamba serikali haiwezi kuendesha shule. Hao tunawaomba watazame chini ya mlima huu huu. Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana ni shule za serikali, na nchi nzima inazisifu. Lakini tuseme pia lililo kweli: shule hizo huchaguliwa watoto waliofaulu kwa alama za juu, na watoto hao hulala hapo hapo, wana taa jioni, na hawachoti maji wala hawapandi mlima baada ya vipindi. Shule ya kata inampokea kila mtoto aliyefaulu, mwenye alama nyingi na mwenye chache, kisha inamrudisha nyumbani kila jioni. Kuzipima shule mbili hizi kwa idadi ya daraja la kwanza peke yake si uadilifu. Swali la haki ni hili: mtoto aliingia akiwa na nini, na anatoka akiwa na nini?

Madhara ya maneno yetu

Lipo jambo linalotusikitisha kuliko upungufu wenyewe. Mzazi mwenye uwezo akisikia kwamba shule haifai, humwondoa mtoto wake. Hatumlaumu, kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini anapoondoka, huondoka pia na sauti yake. Yule aliyekuwa na uwezo wa kumwandikia barua afisa elimu, kusimama katika mkutano wa kata na kuuliza kwa nini mwalimu wa fizikia hajaletwa, sasa hana tena haja ya kuuliza. Wanaobaki ni wazazi ambao wakiitwa shuleni huona haya kwa viatu vyao. Shule inazidi kudhoofika, na maneno ya barazani yanapata ushahidi mpya.

Na watoto wanasikia. Kijana anayeambiwa kila siku na wakubwa kwamba pale anaposoma hapana shule, atakuwa na sababu gani ya kuamka alfajiri na kuteremka bonde na kupanda jingine wakati wa masika, njia ikiteleza?

Jambo la kutazama

Ndugu msomaji, ukitaka kuijua shule ya kata yako, haya ndiyo tunayoyaona kuwa ni ya kuulizwa.

Kwanza, kuna walimu wangapi wa hisabati, na kila darasa linapata vipindi vingapi kwa juma? Mkuu wa shule anapaswa kukujibu, na ukiuliza kwa adabu atakujibu. Pili, fungua madaftari ya mtoto wako. Daftari lenye kurasa tupu za majuma matatu, au lenye kazi ambazo hazikuwahi kusahihishwa, lina habari kuliko baraza zima. Tatu, matokeo ya Baraza la Mitihani hutolewa shule kwa shule, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusomea. Usitazame daraja tu, tazama kila somo, na tazama mabinti wamefanya nini ukilinganisha na wavulana, na wangapi waliosajiliwa hawakutokea kufanya mtihani. Nne, uliza bodi ya shule ina nani na ilikutana lini. Tano, uliza watoto wa mbali wanalala wapi.

Hilo la tano ndilo zito kwa mabinti. Pale ambapo shule haina hosteli, watoto wa vijiji vya mbali hupangishiwa vyumba karibu na shule, wakapika na kulala peke yao wakiwa na umri wa miaka kumi na minne. Mengi tunayoyasema juu ya maadili ya shule ya kata, ukiyafuatilia, utayakuta yametokea chumbani au njiani, nje ya uzio wa shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi katika shule ya kawaida, na ni rehema kwa aliyepatwa na mtihani huo. Lakini wajibu wetu unaanza kabla ya hapo. Na wale wanaomchelewesha binti kurudi shuleni baada ya likizo kwa sababu ya shughuli ya mwali, nao wajiulize ni wiki ngapi za hisabati zimeliwa na ngoma.

Wajibu wa jamaa

Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Baadhi yetu tuliielewa vibaya habari hiyo, tukadhani kwamba na wajibu nao umefutwa. Walimu, vitabu na maabara ni haki ya watoto wetu, na yatupasa kuidai kwa serikali bila kuchoka wala kuona kwamba tunaomba hisani. Hosteli ya mabinti, kwa upande mwingine, inaweza kuanza na sisi. Ni aina ya wakfu ambao mababu zetu waliuelewa vyema kwa visima na misikiti.

Ratiba ya shule ina vipindi vya dini, navyo hubaki vitupu pale tusipopeleka mwalimu. Mjini Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichofunguliwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, nacho kinawaandaa walimu. Tungependa kuona misikiti yetu ya milimani ikiwaita vijana hao wakati wa likizo, wafundishe hisabati na Kiingereza ukumbini baada ya Alasiri, na mlango uwe wazi kwa mtoto wa jirani Mkristo pia, kwa kuwa shule ni yetu sote. Imepokewa kwamba katika mateka wa Badri walikuwapo ambao fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Waliofundisha hawakuwa Waislamu wakati huo, na elimu yao haikukataliwa.

Wala muda hautusubiri. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, miaka sita ya msingi na minne ya sekondari ni ya lazima kwa kila mtoto. Kwa mpango uliotangazwa, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza. Shule ambayo leo tunaisema kwa kejeli ndiyo itakayowapokea.

Jibu letu kwa mama

Mama yetu, ushauri wetu ni kwamba usiliweke shamba rehani. Rehani kwa asili yake ni halali, lakini ile izoeleka vijijini, ambapo mkopeshaji anavuna karafuu mpaka siku ya kulipwa deni lake, wanazuoni wengi wameihesabu kuwa ni riba, kwa kuwa ni mkopo uliozaa manufaa. Na hata ukiacha hilo, ada hudaiwa kila mwaka kwa miaka minne, na shamba huwekwa rehani mara moja tu. Mwaka wa pili mtalipa kwa kitu gani, na wadogo zake watatu watasomeshwa na nini?

Nenda shuleni wewe na kaka yako, kabla ya Januari, mkaulize yale matano. Mkikuta kwamba hofu yenu kubwa ni njia, basi zile fedha chache mlizo nazo zitumieni kumtafutia binti pa kukaa kwa jamaa wa karibu na shule, mwanamke mwaminifu mnayemjua, na mchango wa chakula upelekwe kila mwezi. Mkikuta kwamba hakuna mwalimu wa hisabati, msirudi kimya. Andikeni, na imamu wa msikiti wenu aandike pamoja nanyi. Na jioni mtoe binti kazi moja ya nyumbani, mumpe taa.

Akifika kidato cha nne na mavuno ya mikarafuu bado ni yenu, mtakuwa na cha kumwendeleza. Tunamwomba Allah (s.w.) amfungulie binti huyo fahamu yake, awape walimu wake subira, na atujaalie sote kuwa wenye kuchunguza kabla ya kusema.

Wabillahi tawfiq.