Wanagenzi wapewe mitambo, wasipewe birika la chai

Kila mwaka muhula unapokwisha vyuoni, vijana wanaosomea uhandisi huanza kubisha milango ya viwanda wakiwa na barua mkononi. Wanatafuta nafasi ya uanagenzi, yaani yale mafunzo ya kazini ambayo aghalabu huchukua miezi mitatu na ambayo pasipo hayo hawawezi kuhitimu. Wanaobahatika hupokelewa. Lakini si haba miongoni mwao wanaoishia kupanga faili, kutumwa dukani na kuchemsha chai. Kisha hulijaza daftari la kazi kwa maneno matamu, ili mhadhiri atakapozuru kwa saa moja apate cha kutilia sahihi.

Hasara ya mtindo huu hudhihirika zaidi katika taaluma ya mekatroniki. Neno hilo lilibuniwa mwaka wa 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa ya Japani, kwa kuunganisha elimu ya mitambo na ile ya elektroniki. Humu nchini taaluma hii hufundishwa katika vyuo kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Juja. Haiwezi kukamilika ubaoni. Kiini chake ni namna chuma, umeme na kompyuta vinavyoelewana ndani ya mtambo mmoja, na maelewano hayo huvurugika kwa njia nyingi ambazo hazimo vitabuni.

Natuchukue mfano wa kiwanda cha uchapaji. Mtambo wa kuchapa picha za rangi huwa na vitengo vinne, kila kimoja na wino wake: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Karatasi hupita katika vyote, na kila rangi sharti itue pale pale ilipotua iliyotangulia. Ikikosea hata kwa robo ya milimita, uso wa mtu pichani huonekana kana kwamba una kivuli. Katika mitambo ya zamani, ulinganifu huo ulitunzwa na mhimili mmoja mrefu uliozungushwa na mota kubwa, ukagawa mwendo kwa vitengo vyote kupitia gia. Gia zikilika, rangi hukosana. Tangu miaka ya 1990, mitambo mingi mipya imeundwa bila mhimili huo: kila kitengo kina mota yake, na kompyuta ndiyo inayozilinganisha.

Wachapaji wetu wadogo aghalabu hununua mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo. Kipuri kikivunjika huagizwa kutoka mbali kwa gharama kubwa, au kitengo kizima huachwa kilale pembeni hadi kiwe chuma chakavu. Hapo ndipo penye kazi ya mwanagenzi. Apewe kitengo hicho kilicholala. Akipime, akichore, kisha aonyeshe jinsi ya kuondoa gia zilizolika na kuweka mota yenye kihisi, kifaa kidogo kinachotoa ishara kila mhimili unapozunguka.

Hesabu ya kuanzia ni ya shule ya upili. Silinda yenye kipenyo cha milimita 200 ina mzingo wa karibu milimita 628. Kihisi kikitoa ishara 1,000 katika kila mzunguko, kila ishara ni sawa na milimita 0.63 za karatasi, kipimo kipana mno kwa kazi ya rangi. Kikitoa ishara 10,000, kipimo hushuka hadi milimita 0.063. Mwalimu wa hisabati anayeulizwa na wanafunzi wake mzingo wa duara una faida gani na awape mfano huu. Kiwandani mwanagenzi atagundua mengine: kwamba karatasi hunyumbuka na kunywa unyevu, kwamba vumbi lake hufunika vihisi, na kwamba wino huwa mwepesi joto linapopanda. Hayo atafundishwa na mtambo wenyewe, pamoja na fundi aliyeishi nao kwa miaka.

Wenye viwanda wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Mtambo ukisimama siku moja, hasara ni yao. Rola mbili zinazokutana zaweza kunasa mkono kufumba na kufumbua, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wanaofanya kazi mahali pake. Isitoshe, mgeni huanza kuuelewa mtambo siku zake za kuondoka zinapokaribia. Lakini hoja hizo zinatukataza kumkabidhi mwanagenzi mtambo ulio kazini. Hakuna hata moja inayokataza kumpa kitengo kilichozimwa, tatizo moja lililoandikwa bayana, na fundi mmoja wa kumwongoza.

Ujerumani, nchi inakotoka mitambo ya Heidelberg, iliitambua mekatroniki kuwa ufundi rasmi wa uanagenzi mwaka wa 1998. Kijana hujifunza kwa miaka mitatu na nusu, akigawa wakati wake baina ya kiwanda na shule ya ufundi, kwa mkataba ulioandikwa na posho inayolipwa na mwajiri. Naam, huyo ni fundi wala si mhandisi wa chuo kikuu, na nchi yetu haina viwanda vya kuiga kila kitu. La kujifunza ni kwamba kule yupo mtu ndani ya kampuni anayewajibika kwa mafunzo ya kijana huyo.

Hapa kwetu chombo cha kusimamia jambo hili tunacho. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoza waajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Sehemu ya ushuru huo na iwafidie wachapaji wanaompa mwanagenzi kazi ya maana, na nyingine imlipie nauli na chumba. Mwana wa mkulima aliyekwisha kulipa karo hawezi kuishi Nairobi miezi mitatu kwa hewa tupu, na nafasi nzuri zisiwe za wale tu wenye jamaa mjini.

Kuna suala jingine linalonyamaziwa. Kijana akivumbua njia bora ya kulinganisha rangi, uvumbuzi ni wa nani? Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 husema kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira ni wa mwajiri, ila mkataba ukisema vinginevyo. Mwanagenzi aghalabu hana mkataba wowote wa ajira. Chuo, kiwanda na mwanafunzi wapatane kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza: kazi ni ipi, msimamizi ni nani, na faida itagawanywaje.

Walimu watakumbuka kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 uliahidi elimu ya vitendo, na shule nyingi zikaachwa bila karakana. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017 umerudia ahadi hiyo. Watoto wake watafika vyuoni, na kutoka vyuoni watapelekwa viwandani. Wakipokelewa kwa birika la chai, ahadi itakuwa imevunjwa mara ya pili.

Basi mhadhiri anayezuru kiwanda asiridhike na daftari. Na aulize, "Mchoro wako uko wapi, na mtambo wenyewe ni upi?" Mwanafunzi asiyeweza kumjibu hajafanya uanagenzi, hata daftari lake likijaa sahihi.