Dola 50 kwa Saa Mbili

KANDO YA RELI, na Papa Kapend

Shemeji yangu wa Kolwezi, yule aliyewahi kuuza jenereta, amerudi. Wasomaji wa safu hii mtanisamehe. Safari hii hauzi mashine, anauza semina. Jumanne alinitumia tangazo kwa WhatsApp: picha yake amevaa tai, saa mbili za mafunzo mtandaoni, bei dola 50, na agizo kwamba niwasambazie "watu wa biashara wa Kasaji".

Nikampigia. Shemeji, hiyo 50 umeitoa wapi? Akasema kwanza aliwaza 10, ila rafiki yake akamwonya kwamba semina ya dola 10 watu wataidharau, watadhani mwalimu ni mtu wa kijijini. Basi bei haikutoka kwenye alichonacho cha kufundisha, wala kwenye mfuko wa msikilizaji. Imetoka kwenye tai.

Huo ndio ugonjwa wa Kolwezi. Kwa kuwa mgodi hulipa kwa dola, wanadhani na sisi huku Kasaji kwenye muhogo tunachimbua dola. Na tangu Biden, akiwa rais wa Marekani, afike Lobito, Angola, bandarini inakoishia reli yetu, Desemba 2024, kila mwenye kompyuta amekuwa mtaalamu wa reli yetu, hata asiyewahi kushuka kwenye gare ya Kasaji.

Tuhesabu kidogo. Kabla shemeji hajalipwa, mtu wa huku ameshanunua mega za video ya saa mbili. Amemlipa mwenye sola ili achajishe simu. Ametafuta noti ya dola isiyo na mchaniko hata wa ukucha, maana kambisti, mbadilisha pesa, tunamjua. Kisha mvua inanyesha, mtandao unakata. Nani anarudisha pesa? "Hiyo ni shida ya mtandao," shemeji akasema. Jibu hilo ni la zamani. Kuanzia 2020 hadi 2022 tulikatwa unite kwenye simu kwa jina la RAM, ile tozo ya kusajili simu, na kila uliyemuuliza alimnyooshea kidole mwenzake.

Sisemi afundishe bure. Tangu 2019 shule za msingi zilipotangazwa kuwa za bure, tumeona walimu wanavyolala njaa. Nasema ataje bei kwa franka, arekodi masomo kwa sauti mtu asikilize mtandao ukirudi, na nusu ya malipo aidai watu wakishasikia. Akanijibu kuwa mimi sielewi soko.

Sijasema semina yenyewe ni ya nini. Inaitwa "Jinsi ya Kupanga Bei".

Tangazo nimelipeleka kama nilivyoagizwa, kwa mama mmoja anayeuza unga wa muhogo karibu na gare. Huyo akishaijaza meka, kopo la kupimia, hukuongezea konzi ya matabishi juu bila kuombwa. Nikamsomea lote, tai na dola 50. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Na matabishi?"