Rais Akipingwa na Wenzake

Kila rais wa Marekani anapopata mpinzani kutoka ndani ya chama chake, wakubwa wa chama huwa na hoja moja: unatuharibia, unampa adui silaha. Na hesabu zao ziko tayari. Tangu Vita Kuu ya Pili, marais watano wamepata upinzani wa maana katika kura za mchujo za chama chao. Harry Truman mwaka 1952 na Lyndon Johnson mwaka 1968 waliishia kutangaza kwamba hawagombei tena. Gerald Ford mwaka 1976, Jimmy Carter mwaka 1980 na George Bush mzee mwaka 1992 walipitishwa na vyama vyao, kisha wakaangushwa Novemba. Hakuna hata mmoja aliyerudi Ikulu.

Hesabu ni sahihi. Maelezo yake ndiyo yaliyogeuzwa miguu juu kichwa chini.

Tazama New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki, Machi 1968. Jina la Johnson halikuwamo hata kwenye karatasi ya kura. Waliomtaka rais walitakiwa kuliandika jina lake kwa mkono. Aliyekuwamo ni Eugene McCarthy, seneta wa Minnesota, mtu wa vitabu na mashairi ambaye hata wafuasi wake walimwona mpole mno jukwaani. Nyuma yake walikuwa wanafunzi wa vyuo waliokata nywele ndefu na kunyoa ndevu ili wasiwashtue wazee wa vijijini walipokwenda kubisha hodi. Hoja yao ilikuwa vita vya Vietnam. Wiki sita kabla, mashambulizi ya Tet ya wapiganaji wa kikomunisti yalifika hadi ndani ya ubalozi wa Marekani mjini Saigon, na hiyo ni baada ya serikali kuwaambia wananchi kwa miezi kadhaa kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kura zilipohesabiwa Johnson alipata karibu asilimia 50, McCarthy 42. Rais alikuwa ameongoza, lakini hakuna aliyeyasoma matokeo hivyo. Siku nne baadaye Robert Kennedy naye akajitosa. Tarehe 31 mwezi huohuo Johnson akahutubia taifa kuhusu vita, na mwishoni kabisa mwa hotuba akasema hagombei.

Kuna jambo ambalo masimulizi ya siku hizo huliruka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoichambua baadaye kura ya New Hampshire, walikuta kwamba miongoni mwa waliompigia McCarthy, waliotaka vita vikazwe walikuwa wengi kuliko waliotaka vikome. Yaani wengi wao hawakukubaliana na mgombea wao katika jambo lenyewe lililomwingiza kwenye kinyang'anyiro. Walikuwa wamemchoka rais, na jina la McCarthy ndilo lililokuwepo kwenye karatasi. Kwa hiyo swali la kama McCarthy alifaa kuwa rais halikuwa na uzito usiku ule. Kura ilimpa Johnson habari ambayo washauri wake hawakuthubutu kumpa, na inaelekea aliielewa.

Ndiyo maana siwezi kukubali kirahisi kwamba Edward Kennedy alimwangusha Carter. Ndugu huyu mdogo wa Robert Kennedy alitangaza kugombea Novemba 1979, na mwanzo wake ulikuwa wa mkosi. Katika mahojiano ya televisheni aliulizwa swali jepesi kuliko yote, kwa nini anataka urais, akababaika asipate jibu. Mahojiano hayo yalirushwa tarehe 4 Novemba, siku ileile wanafunzi wa Tehran walipouvamia ubalozi wa Marekani na kuwashika mateka wanadiplomasia. Wamarekani walikusanyika nyuma ya rais wao, na Carter akamshinda Kennedy katika jimbo baada ya jimbo. Lakini mateka hawakurudi. Aprili 1980 jaribio la kuwaokoa likaishia jangwani na wanajeshi wanane wakafa. Mwaka huo mfumuko wa bei ulizidi asilimia 13. Kadiri miezi ilivyosonga, Kennedy akaanza kushinda mahali pakubwa: New York, kisha New Jersey na California siku ya mwisho ya mchujo, ingawa wajumbe wa kutosha waliishia mikononi mwa Carter.

Kilichobaki vichwani mwa watu ni usiku wa mwisho wa mkutano mkuu wa Agosti, ukumbi wa Madison Square Garden. Carter alitaka picha moja tu: yeye na Kennedy wameshikana mikono na kuiinua juu. Kennedy alipanda jukwaani kwa kuchelewa, akampa rais mkono kama anavyompa mtu yeyote, akaanza kusalimia wengine. Rais wa Marekani akawa anamfuata mgeni wake huku na huku jukwaani, na picha hiyo hakuipata. Nakiri Kennedy alikosa adabu. Mgombea aliyekwisha kushindwa ana wajibu wa kufunga hesabu, na yeye hakuifunga. Hata hivyo Carter alipoteza majimbo 44 kwa Ronald Reagan. Hakuna kushikana mikono kunakoziba pengo la ukubwa huo, na wala si Kennedy aliyepandisha bei za petroli.

Mahali ambapo hoja ya wakubwa wa chama ina nguvu kweli ni kwa Ford. Reagan alimfuata hadi mkutano mkuu wa Kansas City, ambako Ford alipata wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070. Njiani rais alilazimika kusogea upande wa wahafidhina: makamu wake Nelson Rockefeller aliwekwa kando kwa sababu wahafidhina hawakumtaka. Novemba Ohio ilimponyoka kwa kura zipatazo 11,000. Katika uchaguzi mwembamba namna hiyo, majeraha ya ndani yanaweza kuwa ndiyo yaliyoamua. Ila hata hapa tukumbuke Ford alikuwa nani: rais ambaye hakuwahi kupigiwa kura na taifa, si kwa urais wala kwa umakamu, na ambaye alikuwa amemsamehe mtangulizi wake Richard Nixon. Kwa vyovyote alihitaji kuthibitishwa.

Upande wa pili wa daftari wakubwa wa chama huwa hawaufungui. Mwaka 2020 Donald Trump hakuwa na mpinzani wa kutajika. Majimbo kadhaa, South Carolina na Nevada yakiwamo, yalifuta kabisa mchujo wa Republican, na chama kikaenda Novemba kimoja kama ngumi. Alishindwa. Mwaka 2012, West Virginia, mfungwa aliyekuwa akitumikia kifungo chake gerezani Texas aliingia kwenye karatasi ya mchujo wa Democratic na kupata asilimia 41 dhidi ya Barack Obama. Watu walicheka sana. Novemba Obama alishinda nchi nzima, lakini West Virginia alipoteza kaunti zote 55. Hata mfungwa asiyeweza kufanya mkutano mmoja wa hadhara alikuwa ameleta habari sahihi kuhusu jimbo hilo.

Basi tuje mwaka 2024, maana ndio unaonisumbua. Wapiga kura wa Democratic walikuwa wakisema waziwazi katika tafiti za maoni kwamba Joe Biden amezeeka. Chama kilifanya nini? Kiliipanga kalenda upya ili South Carolina, jimbo lililomwokoa Biden mwaka 2020, litangulie. New Hampshire ilipokaidi na kupiga kura Januari, Biden hakuandikisha jina, kama Johnson. Florida ilipeleka jina moja tu, na mchujo ukafutwa. Midahalo haikuwepo. Aliyejitokeza ni Dean Phillips, mbunge wa Minnesota (jimbo hilo sijui lina nini) ambaye hakuwa na tofauti yoyote kubwa ya sera na rais. Alisema tu kile ambacho wenzake walinong'ona kwenye korido: mzee apumzike. Alipata karibu asilimia 20 New Hampshire, akajitoa Machi baada ya kushindwa kila mahali, na ubunge wenyewe alikuwa ametangaza kwamba hautetei tena. Michigan nako zaidi ya watu 100,000 waliweka alama kwenye kisanduku cha wasiofungamana na mgombea yeyote, hasira yao ikiwa Gaza.

Chama kiliyachukua yote haya kama kero ya kusimamiwa. Tarehe 27 Juni, Atlanta, Biden alisimama mbele ya Trump kwa dakika 90 na nchi nzima ikaona. Baada ya mdahalo Gavin Newsom, gavana wa California, alikuwa palepale akimtetea rais kwa waandishi wa habari. Tarehe 21 Julai Biden akajitoa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa namna mlango wa chama unavyofungwa. Chama cha Mapinduzi kina utaratibu ulioandikwa wa kuchukua fomu, na pia kina desturi isiyoandikwa kwamba rais aliye madarakani hachukuliwi fomu ya kupingwa kwa muhula wa pili. Mwaka 2015, kiti kilipokuwa wazi, makada zaidi ya 30 waliomba kuteuliwa. Mwaka 2020 fomu ilichukuliwa na John Magufuli peke yake. Bernard Membe, aliyetajwa kwamba huenda akampinga, alifukuzwa uanachama Februari ya mwaka huo. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa Dodoma ulimpitisha Samia Suluhu Hassan miezi kadhaa kabla ya wakati uliozoeleka wa fomu. Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa msemaji wa chama hichohicho, alijiuzulu ubalozi wa Cuba na kulalamika hadharani kwamba utaratibu umekiukwa. Oktoba familia yake ikasema ametekwa nyumbani kwake. Uchaguzi wa mwezi huo ulitoa ushindi wa karibu asilimia 98, na siku hiyohiyo ya kura maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa. Marekani na Tanzania si sawa, na gharama ya kuthubutu haifanani hata kidogo. Lakini chama kisichojua wanachama wake wangapi wamemchoka kiongozi kinatembea gizani kokote kilipo.

Tatizo lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni la tamaa za watu. Mwanasiasa mwenye nguvu ana kila sababu ya kungoja. Akimpinga rais akashindwa, ataitwa msaliti. Akingoja miaka minne, kiti kitakuwa wazi na mikono yake safi. Newsom alingoja, magavana wa Michigan na Illinois wakangoja. Kwa hiyo anayejitokeza kwa kawaida ni yule asiye na cha kupoteza, na chama hupata kisingizio cha kusema mpinzani mwenyewe hana uzito. Reagan ndiye pekee ambaye kushindwa kulimjenga, akarudi 1980 akiwa mrithi wa chama. McCarthy aliacha Seneti na hakupata tena cheo cha maana.

Sidhani dawa ni kuwahimiza mashujaa. Kanuni zingetosha: jimbo lisifute mchujo kwa sababu rais anagombea, jina la rais liwemo kwenye karatasi kama la wengine, na awepo angalau kwenye mdahalo mmoja na yeyote aliyevuka kiwango fulani cha kura au saini. Chini ya kanuni hizo Phillips bado angeshindwa. Lakini Biden angesimama mbele ya kamera Januari, wakati Democratic wana miezi kumi mbele yao badala ya siku 107 alizoachiwa makamu wake Kamala Harris. Na kama Januari angesimama imara, Phillips angerudi Minnesota mapema zaidi na minong'ono ingekwisha.