Nyumba Aliyokulia Mke Wangu

Wapo watu wanaosema, tena kwa kujiamini sana, kwamba mahoteli ndiyo yaliyouokoa Mji Mkongwe wa Unguja. Wanatuonyesha milango ya nakshi iliyopakwa mafuta ikang'aa, wanatuonyesha kuta zilizokuwa zikimeguka na sasa ni nyeupe pe, kisha wanatuuliza tunalalamikia nini. Mimi nitawajibu kwa nyumba moja tu, kwa kuwa ndiyo ninayoijua.

Nyumba aliyokulia mke wangu ilikuwa ya mfanyabiashara ambaye ukoo wake uliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Serikali ikaichukua, ikaigawa vyumba, na baba mkwe wangu, mtumishi wa kawaida, akapangishwa viwili katika ghorofa ya pili. Familia tano zilitumia ua mmoja na kisima kimoja. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani tunadai urithi. Wakwe zangu hawakuimiliki nyumba ile hata siku moja. Waliishi humo, basi.

Mke wangu alipotaka kuiona tena, tulimkuta mezani kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Samahani, juu wanaruhusiwa wageni tu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi si mgeni, nimezaliwa humu."

"Ndiyo, mama," akasema bila ubaya wowote. "Wageni tu."

Tukanunua soda mbili kwa bei ya kitoweo cha siku mbili, tukawa wageni, tukapanda.

Vile vyumba viwili vilikuwa vimefanywa kimoja. Anayezijua nyumba za mawe za Unguja anajua kwa nini vyumba vyake ni vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ukuta wa katikati si pambo, ndio unaobeba. Ukiubomoa ili kitanda cha besera kipate nafasi, huna budi kuweka chuma na zege, na uzito huo kuta za matumbawe na chokaa hazikujengwa kuubeba. Juu ya hayo wamepiga lipu ya saruji. Chokaa huacha ukuta upumue, unyevu ukaingia na kutoka. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi yake, na baada ya miaka michache ukuta huo mweupe huanza kubanduka vipande vipande. Mke wangu alitafuta daka alilokuwa akiwekea juzuu yake ya chuoni. Limezibwa. Karibu na pale pametobolewa tundu la kiyoyozi, na maji yake yanatiririka ukutani mchana kutwa.

Huo ndio uokozi tunaoambiwa tuushukuru.

Nyumba haikuwa salama mikononi mwa wapangaji, nakubali. Paa lilivuja, na kodi ilikuwa ndogo hata isingetosha kununua bati. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka kabla ya kuundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji mwaka 1985. Lakini wapangaji hao ndio waliouona ufa siku ulipotokea, ndio waliopaka chokaa kabla ya Idi, ndio waliopanda juu na turubai usiku wa masika. Na tusidhani kwamba jengo likiondolewa watu linapona. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, liligeuzwa makumbusho, likafungwa kwa ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka ikaua mafundi.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu humu Afrika, Uarabuni, Uhindi na Ulaya zilikutana zikachanganyika. Mchanganyiko huo haukufanywa na milango. Ulifanywa na watu waliopikiana, waliooana na waliogombana juu ya zamu ya kisima.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba mahoteli yafungwe. Anayepewa nyumba ya Serikali au ya wakfu kuifanya hoteli, apewe kwa sharti: aache ghorofa moja ya wapangaji wa mji kwa kodi wanayoiweza, atumie chokaa na mafundi wa chokaa maadamu bado wapo, na asivunje ukuta unaobeba. Sehemu ya fedha anayotozwa mgeni kila usiku iende kwenye mapaa ya nyumba ambazo bado zina watoto ndani.

Nilipoyasema haya mbele ya mwenye hoteli mmoja, alicheka. Akaniambia wageni wake hawatastahimili harufu ya papa wa kukaanga inayopanda kutoka uani. Nilimuuliza kama amepata kuwauliza. Hakuwa amewauliza.