UKURASA WA JAMAA: Harufu nzuri si usafi



Mwezi huu sianzi na mimbari, naanza na basini ya kufulia nguo. Baba, usigeuze ukurasa ukisema haya ni mambo ya wamama. Utaona kwamba hata pasta alipata fundisho lake katika basini ile.

Kwetu Bunagana mpaka ni karibu kama uzio wa jirani. Ukipita duane uko Uganda, na barabara inakwenda Kisoro. Wakati wa vita vya mwaka 2022 wengi walipita hapo wakibeba watoto mgongoni, wakapokelewa Nyakabande bila hata kipande cha sabuni. Vitu vya duka navyo vinapita njia ileile: sabuni ya unga, mafuta ya kupaka, na ile dawa ya kulainisha nguo, nzito kama maziwa, yenye harufu ya maua. Vijana wanaipenda sana. Shati inaanza kunukia mlangoni, na mtu mwenyewe hajaingia bado.

Sikilizeni sasa. Jamaa moja changa ya kanisa ilipata mtoto wa kwanza. Baba anafanya kazi ya kuchimba, anakaa majuma mengi mlimani. Mama yake alitoka kijijini kuja kusaidia. Alikuwa anafula vitambaa vya mtoto kwa sabuni ya kipande na maji ya mvua, anasuuza mara tatu. Mtoto alikuwa mzima.

Siku moja baba alirudi na feza, akamnunulia bibi yake chupa kubwa ya dawa ile. Bibi akafurahi. Akaanza kufula vitambaa mwenyewe, na kumwaga dawa bila kipimo, pamoja na sabuni, katika maji mamoja. Juma la pili mtoto akatoka upele matakoni na mapajani, akalia usiku kucha. Majirani wakaanza maneno. Bibi akanijia machozi yakimtoka: "Pasta, mutoto yangu anaungua. Tangu ule mamakwe anamuogesha, hatuna amani. Banasema iko na kitu anamufanyia."

Nilifanya nini? Niliomba, na kuomba ni vizuri. Lakini nikaongeza neno langu mwenyewe: nikasema mama mzee alale kwanza kwa jirani, "kwa ajili ya amani." Wapendwa, neno lile lilikuwa kama kutia sahihi kwenye uongo. Kesho yake kartiye yote ilisema, hata pasta amejua kwamba yule mzee ni mchawi.

Mtoto akapelekwa kituo cha afya. Muuguzi akamtazama, akashika kitambaa, akakinusa. Kisha akamwaga maji kidogo juu yake. Maji yakateleza, hayakuingia upesi. Akauliza, "Munafula na nini?" Basi mambo yote yakafunuka.

Maelezo yake ni haya. Dawa ya kulainisha haiondoi uchafu hata kidogo. Kazi yake ni kupaka nyuzi za nguo utando mwembamba, ambao mara nyingi umetengenezwa na mafuta ya wanyama au ya mawese. Kwa utando ule nyuzi zinateleza, nguo inakuwa laini, na harufu inabaki. Lakini nyuzi zilizopakwa hivyo hazinywi maji vizuri. Taulo inashindwa kukausha mwili. Kitambaa cha mtoto kinaacha mkojo ukae juu ya ngozi. Na manukato yakizidi, ngozi changa inaweza kuwashwa. Basi mtoto alikuwa analala katika maji na manukato, sisi tunatafuta mchawi!

Tena, sabuni na dawa hii ni kama ncha mbili za betri, moja ya (+) na nyingine ya (–). Ukizichanganya katika maji mamoja zinashikana, kila moja inapoteza nguvu, na utelezi unabaki katika nguo. Ndiyo sababu dawa inatiwa katika maji ya mwisho tu, sabuni ikiisha kutoka yote.

Sisemi ni zambi kuitumia. Nasema tuitumie kwa akili. Shikeni haya:

1. Fula kwanza, suuza mpaka maji yawe meupe, halafu tia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usimwage juu ya nguo yenyewe, changanya katika maji kwanza.

2. Usiitie katika taulo wala vitambaa vya mtoto. Kwa hivyo tosha sabuni na kusuuza sana.

3. Nguo za machimbo zifuliwe peke yake, nje, mbali na za watoto. Usizikung'ute zikiwa kavu, vumbi linaingia mapafuni. Zilowanishe kwanza. Dawa itafunika harufu ya jasho, lakini vumbi litabaki palepale.

4. Kama huna feza ya dawa, usione haya. Nguo inakuwa ngumu mara nyingi kwa sababu ya sabuni iliyobaki ndani. Suuza tena, ikung'ute ikiwa bado mbichi, ianike penye upepo, kisha isugue kwa mikono ikikauka. Nusu glasi ya siki nyeupe katika basini ya maji ya mwisho inasaidia kutoa mabaki ya sabuni. Lakini angalia sana: siki na Javel zisikutane kamwe! Zinatoa moshi wa sumu unaoumiza mapafu na unaweza kuua.

5. Wachuuzi wengine wanapimia dawa hii katika chupa za soda. Mtoto ataona kinywaji. Uiweke juu, mbali na mikono yake. Akiinywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kwa waganga pamoja na ile chupa.

Mtoto yule alipona kwa siku chache, vitambaa vilipofuliwa upya. Lakini jina la mama mzee halikupona upesi hivyo. Ilinipasa kwenda mpaka nyumba aliyolala, nikaketi chini mbele yake, nikasema: "Mama, nilikukosea. Nisamehe." Akanyamaza kitambo. Halafu akajibu, "Pasta, mimi nimesamehe. Lakini wende useme vile na kule ulisemea ya kwanza." Alikuwa na haki. Siku ya Mungu nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, bila kutaja upele wa nani.

Nabii Yeremia, sura ya 2 mstari wa 22, anatuonya kwamba mtu anaweza kujiosha kwa magadi na sabuni nyingi, na doa la uovu wake likabaki mbele za Mungu. Sisi tumezidi hata hapo: tunaacha sabuni, tunapaka harufu. Sala yenye sauti tamu juu ya uongo ni dawa ya kulainisha juu ya matope. Toba inatangulia. Ndiyo sabuni. Ulaini unakuja nyuma.

Kwa mazungumzo ya jioni nyumbani:
– Nani katika kartiye yetu amebeba jina baya bila ushuhuda?
– Mtoto akigonjwa, tunakimbilia kuuliza nini kwanza: "nani amefanya" ao "nini imetokea"?
– Vijana, nguo zenu zinanukia vizuri siku ya Mungu. Na maneno yenu kwa wazazi?

Mungu awabariki, tuonane mwezi ujao.

Ni mimi, pasta wenu.