MLANGO WA SHAHADA YA PILI HUFUNGWA KIDATO CHA TATU

Ndugu msomaji, najua ukikiona kichwa hicho utacheka. Utasema, "Huyu naye! Hajafanya hata KCSE, tayari anazungumzia shahada ya pili!" Cheka, lakini ukimaliza unisikilize, maanake jambo hili latuhusu sisi wa kidato cha tatu kuliko wale walio vyuoni. Wao wameshapita langoni. Sisi ndio tungali nje, na wengine wetu wanalisukuma lango lifungike kwa mikono yao wenyewe.

Mwaka huu ulipoanza tuliambiwa tuchague masomo. Katika shule yetu Fizikia si ya lazima tena baada ya kidato cha pili. Basi darasa lililokuwa limejaa hadi wengine wakisimama dirishani likabaki na wanafunzi kumi na wanane. Wasichana ni wanne tu. Ukiwauliza walioondoka, jibu ni lile lile, "Fizikia ni ngumu, bora nichukue somo litakaloniinulia gredi." Na kusema kweli wana hoja. Tangu mwaka 2023 gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyoyapita vizuri zaidi. Mtu akipiga hesabu za haraka haraka anaona Fizikia ni mzigo wa bure.

Lakini wastani si kila kitu. C+ hukufikisha katika ua wa chuo kikuu, haikuingizi katika kila chumba. Kila kozi ina masomo yake inayoyatazama. Uhandisi hutaka Fizikia. Metiorolojia, yaani elimu ya hali ya anga, hutaka Fizikia na Hisabati. Unaweza kuwa na A ya wastani, na kama hukuifanya Fizikia hutaitwa huko. Sasa tazama mbele zaidi. Shahada ya pili ya sayansi, ama uzamili kama wasemavyo walimu wetu, hudai kwanza uwe na shahada ya kwanza katika somo hilo hilo au lililo jirani nalo. Hakuna atakayekupokea kusomea uzamili wa Fizikia ilhali shahada yako ni ya Historia. Kwa hivyo anayeitupa Fizikia leo hajaacha somo moja tu. Ameacha shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa mpigo mmoja, na hata hajui.

Sharti la pili ndilo linalowaliza watu. Katika vyuo vyetu vikuu mwenye wastani wa alama 70 kwenda juu hupata daraja la kwanza. Kutoka 60 hadi 69 ni daraja la pili, sehemu ya juu. Kutoka 50 hadi 59 ni daraja la pili, sehemu ya chini. Chini ya hapo ni kupita tu. Kozi nyingi za uzamili wa sayansi humtaka aliyepata sehemu ya juu. Vyuo vingi vya Uingereza hutaka vivyo hivyo.

Ninaye dada, binti ya mama mkubwa, aliyesomea Kemia katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Alimaliza na wastani wa 58. Alama mbili, jamani! Alipotaka kuendelea na masomo barua yake ilirudishwa. Nilimuuliza alama hizo mbili zilipotelea wapi, nikidhani atasema ni mtihani wa mwisho. Akaniambia zilipotea mwaka wa kwanza, katika Hisabati. Aliingia chuoni na Hisabati ya kubahatisha, akawakuta wenzake wakikokotoa mambo ambayo yeye hakuwahi kuyaelewa tangu kidato cha tatu. Miaka iliyofuata alifanya vyema, lakini zile alama mbaya zilikuwa zimeshaandikwa, naye alizikokota kama mnyororo hadi siku ya mahafali.

Je, sharti hili ni la haki? Wapo wanaolilaumu, wakisema kwamba linawafungia nje watoto wa maskini. Mimi sikubaliani nao kabisa. Shahada ya pili ya sayansi si kukaa na kunakili maandishi ya mwalimu. Mwanafunzi hupewa swali ambalo halijajibiwa, akaingia maabara au akaenda nyanjani, akapima, akakokotoa takwimu na kuandika tasnifu ya utafiti wake. Mtu aliyeyumba katika misingi atampotezea mwalimu muda, naye atajipotezea karo. Ni halali chuo kumuuliza kwanza anajua nini.

Ninachokilaumu ni kwamba hatuambiwi. Dada yangu hakuambiwa habari ya 60 hadi alipokuwa mwaka wa tatu. Isitoshe, hakuna aliyemwambia kwamba upo mlango wa ubavuni. Vyuo kadhaa humkubali mwenye sehemu ya chini akiwa amefanya kazi inayohusiana na somo lake kwa muda fulani, miaka miwili hivi, au akiwa na stashahada ya uzamili. Yeye aligundua hayo kwa bahati alipokuwa ameajiriwa katika maabara ya kupima maji. Baada ya miaka miwili alipeleka maombi tena, akakubaliwa. Sasa anafanya utafiti wake. Nilifurahi, lakini mimi najiuliza ni wangapi waliokata tamaa na kuuza mitumba na vyeti vyao vimefungiwa sandukuni. (Siwadharau wauza mitumba, mama yangu hunivalisha kwa mitumba.)

Labda utaniambia kwamba mambo ya utafiti si ya watu kama sisi tunaosoma shule ya kutwa, tunaotoka hapa saa kumi na moja jioni kwenda kuteka maji na kupika kabla ya kushika kitabu. Mtazame marehemu Profesa Wangari Maathai. Alizaliwa katika kijiji cha Nyeri. Alimaliza sekondari mwaka 1959 huko Limuru, na mwaka uliofuata akaenda Marekani kusoma Biolojia. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1964, ya pili mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na ya uzamifu mwaka 1971 hapa Nairobi. Watu humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2004, wakasahau kwamba alianzia kwenye hadubini. Ngazi aliipanda kidato kwa kidato. Hakuruka hata kimoja.

Sisi tuna sababu nyingine ya kujali. Ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yetu ya 2027 ndiyo itakayofunga ukurasa wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato kingine cha kurudia nacho. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 nao wamegawanywa katika njia tatu, na hata Hisabati yao ni ya aina mbili, ile kamili na ile nyepesi. Nimewasikia wengine wakitamani kuhamia ile nyepesi ili wapumue. Wapumue, lakini waulize kwanza njia hiyo inaishia wapi!

Walimu wetu wapendwa, naomba mambo mawili. Kwanza, masharti ya kozi za sayansi, kuanzia shahada ya kwanza hadi uzamili, yabandikwe ubaoni karibu na ofisi, mahali kila mtu anapopita. Pili, tuingie maabara mapema. Kungoja hadi muhula wa mwisho wa kidato cha nne ndipo mtu ashike pipeti kwa mara ya kwanza ni kutafuta aibu. Najua kemikali ni ghali na gesi huisha. Hata hivyo, pendulamu ni uzi na jiwe, nayo haihitaji gesi.

Nanyi wenzangu mlioondoka, usajili wa KCSE ya 2027 bado haujafanywa. Nimemuuliza mwalimu wa Fizikia, naye amesema atampokea yeyote atakayerudi kabla ya mwaka huu kwisha, mradi awe tayari kunakili aliyoyakosa. Kipindi ni Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Madaftari yangu nitaazima. Stuli zipo, na ile iliyovunjika mguu imeshatengenezwa.