Tuache kuhesabu pesa za jirani

 Wiki hii hatuongei mambo ya mpira wala mashindano ya ngoma. Tunataka kuongea juu ya midomo yetu. Hapa Kakuma, na tukiongea na wenzetu wa Nyarugusu na Nakivale wanatuambia kwao ni hivyo hivyo, tuko na ugonjwa mmoja. Mtu akipata kitu, hata kiwe kidogo, swali la kwanza ni: "Huyu anatoa wapi feza?"

Hatuulizi amefanya nini mpaka akafika hapo. Hatuulizi kama anaweza kutufundisha. Tunauliza ametoa wapi, na jibu tunalo tayari mfukoni. Amekula pesa za wakimbizi. Ana mtu ofisini. Ndugu yake yuko Australia anamtumia kila mwezi. Ameenda kwa mganga. Jibu ambalo hatulitaji kamwe ni hili: ameweka akiba.

Tuanze na sisi wenyewe, ili mtu asiseme tunawanyooshea wengine kidole. Kuna mama mmoja wa kwetu, ametoka Kivu ya Kusini, anauza mandazi kwenye bloku yetu. Sisi vijana wa kikundi tulikuwa tunakaa karibu naye kila asubuhi, pale wanapochajia simu. Siku moja mama alileta friza kuukuu ya kuuza maji baridi na barafu. Basi kazi yetu ikawa kupiga hesabu zake. Mmoja wetu akasema, huyu anapika mandazi 100, kila moja shilingi 10, hiyo ni 1,000 kwa siku, hiyo ni 30,000 kwa mwezi. Tukashangaa! Tukasema ati mama huyu anatushinda hata sisi wenye kazi ya kujitolea, halafu bado anapanga foleni ya chakula.

Hesabu hiyo ilikuwa ya kijinga. Tulisahau unga. Tulisahau mafuta, sukari, makaa na maji. Tulisahau mandazi yanayolala. Tulisahau watu wanaokopa, na wa kwanza katika hao tulikuwa sisi. Baadaye mama alituambia mwenyewe kwamba siku nzuri inamwachia kama shilingi 200, na siku mbaya haimwachii kitu. Katika hizo alikuwa anatoa 50 kila siku ya kazi na kuziweka kwenye sanduku la kikundi cha akina mama. Hebu pigeni hesabu hiyo sasa. Hamsini mara siku 300 ni 15,000. Ongeza mkopo kidogo wa kikundi, friza imefika. Uchawi uko wapi hapo?

Lakini maneno yetu yalishatoka. Yalitoka pale kwenye chaja, yakafika kisimani, yakafika kanisani. Watu walianza kusema mama yule ana pesa nyingi sana kwenye sanduku. Mtu mwingine akaenda kumshitaki kwenye dawati la malalamiko, kwamba nyumba yake haifai kupewa chakula. Mama akaogopa. Akaomba kikundi kimpe akiba yake yote, akaificha ndani ya nyumba, kwa kudhani pesa isiyojulikana haitasemwa. Haikupita hata mwezi, wezi walikata ukuta usiku, wakaenda moja kwa moja kitandani. Walichukua kila kitu.

Nani alimwonyesha mwizi ile nyumba? Sisi. Hatukubeba panga wala tochi, lakini sisi ndio tuliotangaza. Kila tulipokaa pale kwenye chaja tukihesabu mandazi ya mama, tulikuwa tunamfungulia mwizi mlango. Jambo hili linatuuma, na ndiyo sababu tunaliandika.

Mtasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hapana. Angalieni hali tuliyo nayo. Pesa za wafadhili zimepungua, na tangu mwaka 2025 chakula cha msaada hapa kinatolewa kwa makundi 4, kufuatana na hali ya kila nyumba. Kundi la 1 ndio wenye shida kuliko wote. Kundi la 4 ndio wanaohesabiwa kwamba wanajitegemea, na hao hawapewi. Zamani ukisema jirani yako ana pesa, ulikuwa umbeya tu. Leo neno lile lile linaweza kuondoa sufuria ya watoto jikoni. Umbeya umekuwa silaha, na sisi tunaibeba bila hata kuangalia imeelekea wapi.

Watu wamejifunza haraka. Mgeni mwenye kitambulisho shingoni akiingia kwenye kompaundi, mama anafunika godoro jipya kwa mkeka wa zamani. Baba anaficha simu nzuri na kutoa ile ya vibonyezo. Tunaambiana, ukionekana na biashara, safari yako ya kwenda Marekani au Kanada imekufa. Tumefika mahali ambapo mtu anaona aibu kuendelea, anaona fahari kuonekana hana kitu. Jamani, hayo si maisha.

Na ukweli ni kwamba kuweka akiba si jambo la kuletewa na semina. Wakongo tulikuja na likelemba yetu, watu kumi wanachanga, mmoja anachukua, wiki nyingine mwingine. Wasomali wana ayuto. Wahabeshi wana ekub. Wenzetu wa Sudani wana sanduku. Wenyeji Wakenya wana chama. Kila taifa lililokimbilia hapa lilikimbia na njia yake ya kuweka, hata kama lilikimbia bila viatu. Hata vikundi hivi vya sanduku la kufuli tatu, ambavyo wengi wanafikiri vimetoka Ulaya, vilianza na wanawake wa vijijini kule Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE. Wanawake wale wengi hawakujua kusoma, lakini walijua kuweka.

Kwa wale wasiojua, kikundi kinafanya kazi hivi. Watu 15 mpaka 25 wanaoaminiana wanakaa kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa kadiri ya uwezo wake, inagongwa mhuri kwenye kitabu chake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Anayetaka mkopo anaomba mbele ya wote na anarudisha na riba kidogo. Kuna mfuko mwingine wa ugonjwa na msiba. Mwaka ukiisha mnagawana, kila mtu kwa hisa zake. Wengi wetu laini ya simu imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, na kufungua akaunti ya benki kwa makaratasi ya mkimbizi ni mlima. Kwa mama yule, sanduku ndiyo benki yake. Na sisi tulimfukuza kutoka benki yake kwa mdomo.

Sasa tunajua kuna watakaotujibu. Watasema, nyinyi vijana mnatetea wezi, kwani hapa hakuna watu wanaokula pesa za wakimbizi? Wapo. Hatuwezi kudanganya. Kuna viongozi wanaoomba kitu kidogo ili jina lako liingie kwenye orodha. Kuna watu wanaouza kilichotakiwa kugawiwa bure. Hao tuwaseme, tena kwa nguvu. Lakini tujue kutofautisha. Pesa ya wote lazima ihesabiwe mbele ya wote. Mgao, michango ya bloku, jezi za timu, fedha za mradi, hizo zisomwe kwa sauti, na asiyetaka zisomwe tumuulize kwa nini. Pesa ya mtu aliyoitolea jasho ni yake, anaihesabu mwenyewe. Cha ajabu ni kwamba sisi tunafanya kinyume. Kiongozi wa mradi akisimama kusoma matumizi, tunasinzia. Mama akinunua friza, tunaamka wote na kalamu mkononi!

Wengine watasema, sisi Waafrika tunasaidiana, mwenye nacho asile peke yake. Ni kweli, na tusiache. Lakini kusaidiana ni kuomba kwa mdomo na kurudisha kwa mkono. Kuhesabu kwa macho na kununa kimoyomoyo hakumsaidii mtu. Yule mama ndiye aliyekuwa anatupa mandazi kwa deni. Nani alikuwa anamsaidia nani?

Tunafanya hivi hata kwa mataifa. Msomali akifungua duka, tunasema hao wamezaliwa na pesa. Hatuoni ndugu watano waliochanga pamoja, wala kwamba anafungua alfajiri na kufunga usiku. Mwenzetu mwenye dada Marekani tunamwita tajiri, hatujui dada anafanya kazi za usiku, na pesa ile inagawanywa kwa watu wanane na karo za shule. Utafiti wa IFC uliotoka mwaka 2018 ulikuta hapa Kakuma biashara zaidi ya 2,000. Hizo biashara hazikudondoka na mvua. Nyuma ya nyingi kuna mtu aliyekula mara moja kwa siku ili aweke.

Sasa neno kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Tunawaheshimu, wengine wetu tunafanya kazi chini yenu, na tunajua nyinyi si mnaopunguza pesa za wafadhili. Lakini mnatuchanganya. Asubuhi mnatuletea semina ya ujasiriamali na kutuambia tuweke akiba. Mchana mnakuja kutembelea nyumba na kuandika kila kitu mnachokiona ndani. Friza ya mama ni jembe, si ghala. Mtu mwenye jembe hajavuna bado, na akikatiwa chakula kabla ya kuvuna, atauza jembe ale. Mwaka unaofuata mtamkuta hana jembe wala chakula, na mtamrudisha kwenye kundi la wenye shida, gharama juu ya gharama.

Tena kuna hii ya picha. Mnampiga picha mtu kwenye kibanda chake, mnaandika kwamba ni mfano wa kujitegemea, anacheka vizuri kabisa. Kesho jirani anaichukua picha ile ile kama ushahidi kwamba huyo hastahili chakula. Mkitaka kupiga picha, mwambieni kwanza itaenda wapi. Na mkipokea shitaka la jirani juu ya mali ya jirani, msilitumie kabla hamjakaa na mwenye nyumba mkamsikiliza. Ulizeni kinachoingia na kinachotoka. Ulizeni madeni. Macho peke yake yanadanganya, sisi wenyewe ni mashahidi, tulikuwa na macho kumi pale kwenye chaja na hatukuona hata pakiti moja ya unga.

Kwetu sisi vijana, tumekubaliana mambo machache, na tunawaomba vikundi vingine mfanye hivyo.

Kwanza, mtu akinunua kitu, tumwambie hongera. Tukitaka kujua, tumuulize alianzaje, ili na sisi tuanze.

Pili, anayekuwa kwenye kikundi cha akiba asitoe nje hesabu ya mwenzake. Kiasi cha hisa za mtu kinabaki kwenye kitabu chake na kwenye kikao, hakifiki kisimani.

Tatu, pesa ya kikundi chetu cha vijana, hata kama ni shilingi 500 za mpira, itasomwa kila mwezi mbele ya wanachama wote. Hatuwezi kuwadai wakubwa uwazi na sisi tunaficha.

Nne, ukiona wizi wa kweli wa mali ya watu, sema uliloliona: siku gani, kitu gani, nani. "Nasikia ana pesa" si ushahidi.

Na la tano ni letu peke yetu. Tulikaa chini tukaandika madeni yetu yote ya mandazi. Yalifika shilingi 1,340. Tulichanga, tukampelekea mama, na tukamwambia kilichotufanya tuje, kwamba sisi ndio tuliomsema. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Watoto wangu, friza nimeuza. Lakini bado napika." Hakutufukuza, lakini hakucheka pia. Tumemwomba arudi kwenye sanduku. Amesema ataona.

Kama harudi, tutaelewa. Imani ni kama akiba, inaingia hamsini hamsini na kutoka yote kwa usiku mmoja. Sisi tumeanza kuweka hamsini zetu za kwanza. Na wewe unayesoma, kabla hujauliza jirani yako ametoa wapi feza, kumbuka kwanza kama hukumbaki na deni.

Ni sisi, vijana wa kujitolea, Kakuma.